Kuzalisha Sikilidi Nyumbani na Kulea Vifaranga Wao: Mwongozo Kamili

Kwa samaki wa ukoo wa sikilidi wanaolea mayai mdomoni, dalili ya kwanza ya uzazi ni kidevu kilichoshuka. Jike ambaye jana alikuwa wa kwanza kupanda juu akiona mkono wako, leo amejibanza nyuma ya jiwe, mdomo umefumbwa, na kila baada ya muda taya lake linacheza kama la mtu anayetafuna taratibu. Hatafuni chochote. Anayageuza mayai mdomoni ili kila moja lipate maji mapya. Kuanzia hapo atafunga kula kwa wiki 3 hivi, na wewe una hizo wiki 3 za kuandaa tangi la vifaranga.

Baada ya miaka ya kulea samaki hawa nasema hili bila kusita: kazi ya uzazi wanaijua wenyewe. Vifaranga wengi wanaokufa majumbani huuawa na maji yaliyochoka, au na mkono wa mwenye tangi usiotulia. Ndiyo maana katika mwongozo huu maji yatatajwa kuliko kitu kingine chochote.

Kwanza jua samaki wako wanalea kwa njia gani

Sikilidi ni ukoo mkubwa mno, wenye spishi zaidi ya 1,600 zilizokwisha kuelezwa na wanasayansi. Sato na perege ni wa ukoo huo huo. Karibu wote hulea mayai au watoto wao kwa namna fulani, jambo ambalo samaki wengi hawafanyi. Kwa mfugaji wa nyumbani, makundi matatu yanatosha kuyajua.

Kundi la kwanza hulea mdomoni. Humo wamo mbuna, wale samaki wa rangi kali wanaoishi kwenye miamba ya Ziwa Nyasa (wengine huliita Ziwa Malawi), na furu wa Ziwa Victoria. Jike hutaga, huyaokota mayai, na hula tena akishawaachia watoto.

Kundi la pili hutaga juu ya kitu: jiwe bapa, jani pana, au dari ya pango dogo. Samaki malaika (*Pterophyllum scalare*) ni wa kundi hili, na vilevile sikilidi mwenye milia wa Amerika ya Kati (*Amatitlania nigrofasciata*), na kribensisi (*Pelvicachromis pulcher*) wa Nigeria na Kameruni. Dume na jike hulinda pamoja. Diskasi wa Amazoni wamepiga hatua moja zaidi: watoto wao hula ute unaotoka kwenye ngozi ya wazazi, kwa hiyo ukiwatenga mapema unawanyima chakula chao cha kwanza.

Kundi la tatu ni wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, kama *Neolamprologus multifasciatus*. Hawa wawekee mchanga laini na makombe mengi kuliko idadi yao, kisha waache. Siku moja utaona vichwa vidogo vikichungulia mlangoni mwa kombe.

Maji kabla ya samaki

Usiweke samaki wa kuzalisha kwenye tangi lililojazwa jana. Tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia (sumu itokayo kwenye kinyesi na mabaki ya chakula) kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti, na huwachukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Amonia na naitraiti zote mbili ni sumu na lazima zisome 0. Naitreti ina nafuu, lakini kwa vifaranga napenda isizidi miligramu 20 kwa lita. Nunua vipimo vya maji kabla hujanunua samaki. Maji yanaweza kuonekana maangavu kabisa na bado yakawa yanaua.

Sikilidi wa maziwa makuu ya Afrika wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha asidi ya maji) ya 7.8 hadi 8.6, na wale wa Tanganyika hufurahia hata zaidi ya hapo. Wa Amerika ya Kusini wengi wanataka maji laini, pH kati ya 6 na 7. Joto la nyuzi 25 hadi 28 linawafaa karibu wote, ila diskasi anataka juu zaidi, 28 hadi 30.

Hapa pana jambo wanaofuga mbuna wanapaswa kulishika sana. Amonia huwa na sura mbili majini, moja kali na moja isiyo na madhara makubwa. Kila pH inapopanda kwa 1, ile sehemu kali huongezeka karibu mara 10. Kiasi cha amonia ambacho samaki malaika atakivumilia kwenye pH ya 6.5 kinaweza kuangamiza vifaranga wa mbuna kwa usiku mmoja kwenye pH ya 8.4. Kwa hiyo mwenye mbuna hana nafasi ya uzembe kwenye chakula kilichobaki chini ya tangi.

Kwa ukubwa, jozi ya kribensisi au ya sikilidi wenye milia inatulia kwenye lita 80 hadi 100. Kundi la mbuna lisiwekwe chini ya lita 200, na urefu wa tangi una maana kuliko kimo chake, kwa sababu jike anayefukuzwa anahitaji umbali wa kukimbilia.

Kupata jozi inayoelewana

Ukienda ukachagua dume mmoja mkubwa na jike mmoja mkubwa ukawafungia pamoja, mara nyingi utamkuta jike amechanika mapezi, au amekufa. Kwa samaki wanaolinda wawili wawili, nunua wadogo 6, wakuze pamoja, uwaache wachaguane. Jozi ikishafungamana utaiona: wawili wamechukua kona yao na wengine wote wamesukumwa upande wa pili. Hapo watoe hao wengine.

Mbuna hawaoani. Dume hutawala eneo na kumwita kila jike apitaye. Muwekee majike 3 au zaidi kwa dume mmoja, hasira yake igawanyike. Panga mawe yaguse sakafu ya tangi yenyewe kabla ya kumwaga mchanga, maana samaki hawa wanachimba, na jiwe lililokalia mchanga mtupu litaporomoka siku moja.

Kamwe usichanganye spishi zinazokaribiana. Majike wa *Aulonocara*, sikilidi wengine wa Ziwa Nyasa, kwa mfano, wanafanana mno kiasi kwamba hata wafugaji wa muda mrefu wanawachanganya, na dume hatajali. Utapata watoto machotara ambao huwezi kumpa mtu kwa jina lolote la kweli.

Wiki 2 kabla ya kutarajia mayai, lisha vizuri, kidogo kidogo mara 2 au 3 kwa siku. Mbuna ni walaji wa mwani, kwa hiyo chakula chao kiwe na mboga na spirulina (aina ya mwani mkavu) kwa wingi. Nyama ya wanyama kama moyo wa ng'ombe usiwape kabisa; huwaletea ugonjwa wa kuvimba tumbo ambao ukishaonekana kwa macho mara nyingi umechelewa.

Siku ya kutaga

Vuta kiti ukae, ukipata bahati ya kuwepo. Dume wa mbuna husafisha jiwe au huchimba shimo, kisha rangi yake hukolea na mwili mzima hutetemeka mbele ya jike. Wanazungukana, kichwa kwa mkia. Jike hutaga yai moja au mawili, anageuka, anayaokota papo hapo. Halafu analifuata pezi la dume la chini nyuma, ambalo lina madoa ya njano yanayofanana na mayai, na kuyadonoa. Wakati anadonoa, dume anatoa mbegu, na mayai yanarutubishwa mdomoni mwa mama. Mtafiti Wolfgang Wickler ndiye aliyeandika mwaka 1962 kuhusu madoa hayo kama mayai ya bandia. Mimi mpaka leo sijachoka kuyaangalia.

Siku hiyo usisafishe, usibadilishe maji, usiwashe na kuzima taa.

Jike aliyebeba: umhamishe au umwache?

Ushauri wangu ni kumwacha katika tangi lake angalau siku 10 za mwanzo. Nimejifunza kwa hasara. Jike wangu wa kwanza nilimkimbiza kwa wavu siku ya 2, nikabomoa mawe yote, na alipofika kwenye ndoo alitema kila kitu. Mayai 20 na kitu yalitawanyika chini, manjano, hayana pa kwenda. Siku hizo za mwanzo mama hajatulia, na anayebeba kwa mara ya kwanza mara nyingi huyameza au huyatema hata bila kuguswa. Usimhukumu kwa mzao mmoja.

Mayai huanguliwa humo humo mdomoni karibu siku ya 5 hadi ya 7. Kisha watoto hukaa wiki 2 zaidi wakila kiini kilichoning'inia tumboni mwao. Kwa joto la nyuzi 26 au 27, mbuna wengi huwaachia kati ya siku ya 18 na ya 24. Andika tarehe uliyoona kidevu kimeshuka. Kumbukumbu ya kichwa hudanganya.

Ukiamua kumhamisha, fanya hivyo kuanzia siku ya 14, usiku, taa zikiwa zimezimwa saa nzima. Samaki aliyelala hukamatika kirahisi kwa tochi hafifu na nyavu mbili, mmoja umetulia na mwingine unamsogeza taratibu. Mpeleke kwenye tangi lenye maji ya tangi lake la zamani na pango la kujificha. Akishawaachia, mlishe vidogo vidogo na umpumzishe wiki 2 au zaidi kabla ya kumrudisha kwa dume. Amekonda, na dume hatamhurumia.

Wako wanaomtoa mama watoto kwa mkono. Hilo ni kwa baada ya siku ya 18, kwa mkono uliolowa, juu ya bakuli lenye maji yake mwenyewe: unamshika kichwa kikielekea chini, unabonyeza taya la chini kwa kitu butu, unamzamisha, unarudia. Mimi nalifanya tu kwa jike aliyekonda kupita kiasi au aliyepitisha siku. Watoto wanaotoka kwa wakati wao wana nguvu zaidi, na mama haumizwi taya.

Wanaotaga juu ya jiwe au jani

Hapa wewe ni mtazamaji zaidi. Mayai ya sikilidi mwenye milia au malaika huanguliwa baada ya siku 2 hadi 3. Watoto hawaogelei bado. Wamejikusanya kama kichaka cha mikia inayotikisika, na wazazi huwahamisha mdomoni kutoka shimo hili kwenda lile. Siku 4 au 5 baadaye wanainuka kuogelea, wingu zima likimfuata mama.

Mayai yanayogeuka meupe ndani ya siku ya kwanza au ya pili hayakurutubishwa na yataota ukungu. Wazazi wazuri huyaondoa wenyewe. Usiogope ukiwaona wanadonoa.

Wazazi wakila mayai yote, tafuta kilichowatisha kabla ya kuwalaumu: samaki mwingine tangini, watu wanaopitapita, taa iliyozimwa ghafla. Taa hafifu ya usiku husaidia sana kwa siku zile watoto wanapoanza kuogelea, kwa sababu gizani wazazi hushindwa kuwakusanya. Jozi changa hula mizao 2 au 3 ya kwanza kabla ya kuelewa. Vumilia nao.

Kwa kribensisi, pH inagusa hata jinsia: maji yenye asidi zaidi hutoa madume wengi. Weka maji karibu na 7 ukitaka uwiano wa haki.

Tangi la vifaranga

Lita 40 hadi 60 zinatosha kuanzia. Sakafu iwe tupu, bila mchanga wala kokoto, ili uone kila chembe ya uchafu. Weka hita, kipimajoto, vipande vichache vya mawe au bomba la kujificha, na kichujio cha sifongo kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Kichujio chenye injini kitawanyonya watoto.

Ile sifongo iweke kwenye tangi kubwa mapema, wiki 3 au 4 kabla ya vifaranga kuhitajika. Itajaa bakteria, na siku ukiihamisha utakuwa na tangi lililokomaa tayari. Kati ya yote niliyoyaandika hapa, hili ndilo limeniokolea vifaranga wengi zaidi. Ikichafuka, ikamue ndani ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe usiiweke chini ya bomba. Klorini itaua bakteria uliowalea wiki zote hizo.

Chakula

Mtoto ambaye bado ana kiini tumboni halishwi. Chakula utakachomwaga kitaoza tu. Anza siku anapoogelea mwenyewe.

Vifaranga wa mbuna hutoka wakubwa, karibu sentimita 1, na siku hiyo hiyo wanakula chakula cha kawaida kilichosagwa kwa vidole mpaka kikawa unga. Wa malaika na kribensisi ni wadogo zaidi, na chakula kinachowafaa ni artemia walioanguliwa leo, wadudu wa maji chumvi wenye urefu wa nusu milimita tu. Wako wanaotumia kiini cha yai la kuku lililochemshwa. Mimi nimekiacha kabisa. Kinachafua maji kwa kasi ambayo hakuna kichujio cha sifongo kinachoiweza.

Kuangua artemia fanya hivi:

1. Chukua chupa ya plastiki yenye lita 1 ya maji, ongeza gramu 25 za chumvi isiyo na iodini.
2. Tia nusu kijiko cha chai cha mayai ya artemia.
3. Ingiza mpira wa pampu ya hewa mpaka chini, mapovu yachemke kwa nguvu muda wote.
4. Weka mahali penye mwanga, joto la nyuzi 26 hadi 28.
5. Baada ya saa 24 hadi 36 zima hewa kwa dakika 10. Maganda yatapanda juu, na artemia watajikusanya chini, rangi ya chungwa, hasa ukimulika chini kwa tochi.
6. Wanyonye kwa mpira mwembamba, wachuje kwa kitambaa laini, wasuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha walishe mara moja, maana kila saa inayopita wanapungua lishe.

Dakika 5 baada ya kulisha, inama uangalie matumbo. Kifaranga aliyeshiba ana tumbo la mviringo la rangi ya chungwa linaloonekana kupitia ngozi. Hicho ndicho kipimo chako, kuliko saa yoyote. Matumbo yakiwa yamejaa, acha. Mara 3 hadi 5 kwa siku, kiasi kidogo kinachoisha ndani ya dakika 2 au 3.

Kazi ya kila siku

Asubuhi kabla ya kulisha, chukua mpira mwembamba wa pampu ya hewa, nyonya uchafu wa sakafuni taratibu, ukitoa asilimia 10 hadi 15 ya maji. Ndoo ya kupokelea iwe nyeupe. Acha itulie, mulika kwa tochi, angalia. Karibu kila wiki namkuta mmoja au wawili humo, vinukta viwili vya macho vikihangaika juu ya weupe, na nawarudisha kwa kijiko.

Maji mapya yawe na joto lile lile, na yaingie polepole, matone kwa matone kupitia mpira ule ule. Maji ya bomba yenye klorini ukiyaacha wazi saa 24 hadi 48 huwa salama. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haitoki kwa njia hiyo. Inataka dawa ya kuondoa klorini iliyoandikwa wazi kuwa inaifanyia kazi kloramini pia.

Ukipima ukakuta amonia, hata kidogo, simamisha chakula siku nzima na badilisha asilimia 30 hadi 50 ya maji. Kifaranga mwenye afya anavumilia siku moja ya njaa. Ukiwaona wote wako juu wanahema, usianze na dawa. Badilisha maji, ongeza hewa, kisha ndipo utafute chanzo.

Wachache watakuwa na mgongo uliopinda au watashindwa kuinuka kutoka sakafuni baada ya wenzao kuogelea. Usiwazalishe kamwe. Mizao ikirudia kuwa na kasoro zile zile, huenda jozi yako ina damu moja; badilisha dume.

Wanapokua

Ndani ya miezi 2 hadi 3 mbuna wengi hufika sentimita 2 hadi 3, na hapo shida mpya huanza: wakubwa huwanyima wadogo chakula na kuwadonoa mikia. Wapange kwa ukubwa katika matangi mawili. Waliokuwa wadogo hupata kasi ya ajabu wakishatengwa na wababe. Usiwarudishe kwa wakubwa mpaka wasiweze kuingia mdomoni mwa samaki yeyote humo.

Mzao mmoja tu unaweza kukuachia watoto wengi kuliko matangi yako, kwa hiyo tafuta wa kuwachukua mapema. Mtoni au ziwani usiwamwage hata mmoja. Sikilidi wageni huzaliana upesi, hushindana na samaki wa asili na hubeba magonjwa, na wakishaenea hakuna wa kuwatoa.

Unapompa mtu vifaranga, wafungishe kula siku moja kabla ya safari wasichafue maji ya mfuko. Jaza maji theluthi moja tu, sehemu iliyobaki iwe hewa, funga mifuko miwili mmoja ndani ya mwingine, uiweke gizani. Anayepokea auweke mfuko uelee tangini kwa dakika 15 joto lilingane, kisha kwa nusu saa nyingine awe anaongeza maji ya tangi kidogo kidogo ndani ya mfuko. Awatoe kwa wavu, maji ya mfuko ayamwage, taa aizime mpaka kesho yake.